Habari za William Morris, Mfumi na Mtia Rangi

Twasoma katika kitabu cha Kutoka ya kuwa Mungu alipomwagiza Musa kufanya hema takatifu, hakusema tu habari za nguzo na mbao. Alimtaja fundi kwa jina lake, Bezaleli, akamjaza akili na ustadi. Tena wanawake wenye mikono ya hekima walisokota nyuzi za buluu na zambarau na nyekundu. Basi kazi ya nguo imo katika Maandiko tangu mwanzo, nayo haikuhesabiwa kuwa kazi duni.

Katika kitabu hiki cha Jubilii mtasoma habari za mapadre, za shule, na za majengo yetu. Sisi tumeona vema kuandika habari za nguo. Maana mtu aingiapo kanisani, macho yake huenda kwanza kwenye altare, akaona kitambaa kilichotarizi­wa. Walakini ni nani aulizaye ni mkono wa nani ulioitia sindano? Kwa hiyo tumemchagua mtu mmoja wa Uingereza, William Morris, ili mwone jinsi kazi iliyokwisha kufa ilivyofufuliwa na mtu mmoja mwenye bidii, na jinsi alivyotaabika moyoni kwa sababu ya kazi hiyo hiyo. Hakuwa padre wala mmisionari. Hata imani ya ujana wake ilipoa baadaye. Walakini kazi yake iliingia makanisani, na mafundisho yake yatufaa.

Morris alizaliwa Walthamstow, karibu na London, tarehe 24 Machi 1834. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya fedha, naye alikuwa na hisa katika shimo la shaba la Devon lililomtajirisha sana. Baba alikufa mwaka 1847, na kijana akaachiwa mali ya kutosha asihitaji kutafuta riziki kwa jasho. Mwaka 1853 aliingia Exeter College katika Oxford, na nia yake ilikuwa kuwa padre. Huko alikutana na kijana wa Birmingham, Edward Burne-Jones, naye nia yake ilikuwa hiyo hiyo. Wakawa marafiki mpaka kufa.

Mwaka 1855 hao wawili walisafiri Ufaransa ya kaskazini, wakatazama makanisa makubwa ya kale, Amiens na Beauvais na Chartres na Rouen. Waliona mawe yaliyochongwa na mafundi wasiojulikana majina, na vioo vya rangi, na mapambo ya kila namna. Katika safari ya kurudi, usiku mmoja walipokuwa wakitembea gatini Le Havre, waliamua kuacha shauri la upadre. Burne-Jones alisema atakuwa mchoraji, na Morris akasema atajifunza kujenga majumba. Wengine watasema walikimbia wito. Sisi hatuwahukumu, maana mtasikia mbele jinsi njia ile ilivyowarudisha mpaka mlangoni mwa kanisa.

Mwaka 1856 Morris aliingia kwa G. E. Street, fundi mkuu wa kuchora ramani za makanisa. Kwa kazi ya ramani hakudumu, lakini mwaka ule ule au uliofuata alianza jambo ambalo watu wa cheo chake hawakulifanya. Aliagiza kiunzi cha kutarizia, kilichofanyizwa kwa mfano wa viunzi vya kale, akapata nyuzi za sufu zilizotiwa rangi kwa namna ya zamani, akaketi mwenyewe kushona. Akatarizi miti na ndege, na maneno machache yenye maana ya "Nikiweza", akayarudia rudia nguo nzima. Mishono ile ilikuwa minene na ya kigeugeu, kama kazi ya mwanafunzi. Nguo hiyo ingalipo hata leo katika nyumba yake ya Kelmscott, na kila aitazamaye huona ya kuwa fundi mkuu naye alianza kwa kukosea.

Alipomwoa Jane Burden mwaka 1859, binti wa mtunza farasi wa Oxford, walijifunza pamoja. Walitwaa vipande vya tarizi za kale, wakazifumua uzi kwa uzi, ili wajue mkono wa zamani ulipita wapi. Hapakuwa na mwalimu wa kuwaonyesha. Nguo yenyewe ndiyo iliyokuwa mwalimu. Siku moja Jane aliona dukani London kitambaa cha sufu cha buluu, cha bei rahisi, akakinunua. Morris akachora juu yake maua madogo yaliyopangwa kwa mafungu. Maua yale hakuyabuni. Aliyaona katika picha ya kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono, kitabu cha habari za Froissart, kilichowekwa katika British Museum. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote: alitafuta kitu cha kale, akakisoma kama mtu asomavyo kitabu, kisha akafanya kitu chake mwenyewe.

Inatupasa kueleza hapa kwa nini kazi hiyo ilihitaji kufufuliwa. Katika siku zile mashini za Uingereza zilikuwa zikitoa nguo nyingi mno kwa bei ndogo. Tena mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alivumbua rangi ya zambarau iliyotoka katika lami ya makaa ya mawe, na baada yake zikaja rangi nyingine nyingi za namna hiyo. Zilikuwa kali machoni, na nyingi katika zile za kwanza zilipauka upesi juani. Watia rangi wa kale waliotumia mizizi na majani wakakosa kazi, na ujuzi wao ukaanza kwenda kaburini pamoja nao.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu wa pwani walisimulia habari za Pate, mji uliosifiwa zamani kwa wafumi wa hariri; na huko Ufipa watu walilima pamba, wakaisokota, wakaifuma wenyewe. Kisha, baada ya mapatano ya Sayyid Said na Wamarekani mwaka 1833, ilikuja kwa wingi nguo nyeupe ya Marekani, hata tukaiita merikani mpaka leo. Ilikuwa rahisi na imara, wala hatuwalaumu waliovaa. Lakini kitanda cha mfumi kilipovunjika, hakuna aliyekitengeneza tena. Mambo yaliyowapata mafundi wa Uingereza ndiyo yaliyowapata na mafundi wetu, na mashini zilikuwa zile zile.

Mwaka 1861 Morris na rafiki zake, kati yao Burne-Jones na mjenzi Philip Webb, walifanya shirika la kazi za mapambo. Kazi zao kubwa za kwanza zilitoka kwa kanisa. Miaka ile makanisa mapya yalikuwa yakijengwa kote Uingereza, na mjenzi G. F. Bodley aliwaagiza vioo vya rangi na mapambo kwa makanisa ya Selsley, Brighton na Scarborough. Walitengeneza nguo za altare pia, nazo zilitariziwa na wake zao na dada zao. Basi wale waliouacha upadre walipata riziki yao ya kwanza kwa kupamba nyumba ya Mungu.

Walakini Morris hakuridhika na nyuzi alizozipata madukani, kwa sababu ya zile rangi za lami. Mwaka 1875 alikwenda mji wa Leek, kwa Thomas Wardle, mtia rangi wa hariri, akawa mwanafunzi tena, naye umri wake miaka 41. Alisoma vitabu vya mitishamba vya miaka mia tatu nyuma, akawauliza wazee, akavaa viatu vya mti, akatia mikono yake mapipani. Alirudi nyumbani mikono yake ni buluu mpaka viwikoni. Rangi zake zilikuwa nne za asili: buluu ya nili, nyekundu ya mizizi, au ya wadudu waliokaushwa, manjano ya majani, na hudhurungi ya maganda ya jozi. Nyingine zote zilitoka katika hizo kwa kuchanganya.

Nili ndiyo iliyomtesa zaidi, na wasomaji wajuao kaniki watapenda kusikia sababu. Nili haiyeyuki katika maji. Sharti iumuliwe kwanza ndani ya pipa la moto wa kadiri, kama tembo linavyoumuka, mpaka buluu yake ifichike. Nguo ichovywapo haitoki buluu. Hutoka ina rangi ya kijani na manjano, na hewa inapoigusa ndipo inapogeuka mbele ya macho yako. Pipa likipata joto kupita kiasi, au likiachwa siku nyingi, huharibika lote. Wafanyaji wengine walikwisha iacha kazi hii kwa ugumu wake. Morris alishindwa mara nyingi, akaendelea.

Mwaka 1881 alipata mahali palipomfaa, Merton Abbey, kando ya mto Wandle, palipokuwa zamani nyumba ya watawa. Maji ya mto ule yalifaa sana kwa rangi nyekundu ya mizizi. Huko alichimba mapipa ya nili, akaweka meza za kupigia chapa kwa vibao vya mti, na vitanda vya wafumi, na mahali pa kufumia mazulia. Huko ndiko alikofaulu mwaka 1883 kutengeneza nguo aliyoiita "Mwizi wa Stroberi". Kisa chake ni hiki. Katika bustani yake ya Kelmscott ndege wadogo wenye madoa kifuani walikuwa wakipenya chini ya wavu na kuiba matunda. Mtunza bustani alitaka kuwaua. Morris akakataza, kisha akawachora wezi wale wale juu ya nguo. Kuifanyiza kulichukua siku nyingi: kwanza nguo yote ilichovywa katika nili, kisha buluu ikaondolewa kwa dawa mahali pa sanamu, kisha nyekundu ikapigwa, kisha manjano, na kila mara nguo ilioshwa na kuanikwa. Ilikuwa ghali kuliko nguo nyingi za chapa, lakini watu waliinunua, na sanamu yake yapigwa chapa hata leo.

Alikuwa mwanafunzi wa makumbusho ya South Kensington, ambayo siku hizi huitwa Victoria and Albert Museum. Alitazama bahameli za Italia na hariri za mashariki. Na mwaka 1893 ndiye aliyewashauri wakuu wa makumbusho kununua zulia kubwa la Ardabil, lililofumwa Ajemi mwaka 1539 au 1540. Bei yake ilikuwa pauni 2,000, fedha nyingi sana siku zile. Zulia hilo limo huko mpaka leo. Twataja jambo hili kwa furaha, maana Mwingereza huyu hakuona haya kumwita Mwajemi mwalimu wake.

Sasa tuseme habari ya kufuma sanamu. Ziko nguo kubwa za ukutani ambazo picha yake haikutariziwa juu ya nguo. Picha na nguo ni kitu kimoja, maana mfumi hupitisha kila rangi ya mshindio kwa mkono katika nyuzi za mtande. Kazi hii ilikuwa karibu kufa Uingereza kwa namna aliyoitaka Morris. Mwaka 1879 aliweka kitanda cha mfumi chumbani mwake alimolala huko Hammersmith, akafungua kitabu cha Kifaransa cha karne iliyotangulia, akaamka alfajiri kila siku kujifundisha. Aliandika saa zake katika daftari. Nguo ile ya kwanza, yenye majani makubwa na mizabibu, ilimchukua saa 516 tangu Mei hata Septemba. Walimu wenzetu, kumbukeni hesabu hiyo mnapomwona mtoto amechoka kwa saa moja.

Kisha alifundisha kijana, John Henry Dearle, na huyo akafundisha vijana wengine. Ndipo ilipokuja agizo lililowafurahisha Morris na Burne-Jones kuliko yote. Mkuu wa Exeter College, chuo chao cha zamani, aliwataka wafanye nguo ya ukutani kwa kanisa la chuo, yenye habari ya Mamajusi waliomsujudia Bwana. Burne-Jones alichora watu. Morris na Dearle wakaweka rangi na maua ya shambani chini ya miguu yao. Vijana watatu waliifuma kwa muda wa miaka miwili hivi. Mfumi wa namna hii hukaa nyuma ya nguo, wala haoni uso wa kazi yake ila katika kioo kilichowekwa upande wa pili. Mbele ya macho yake ni mafundo na nyuzi zinazoning'inia tu. Mwaka 1890 nguo ilikuwa tayari, kimo chake futi 8 na zaidi, upana wake futi 12 na zaidi. Ndani yake Mama yetu ameketi na Mtoto chini ya kibanda cha majani, malaika amebeba nyota mikononi, na wafalme wamesimama na zawadi zao. Imo katika kanisa lile hata sasa. Wale waliotoka katika chuo kile wakiwa wameuacha upadre, walirudi na zawadi.

Lakini hatungekuwa waaminifu kama tungenyamazia upande wa pili. Nguo za Morris zilikuwa za gharama, kwa kuwa kazi ya mikono huchukua siku nyingi, na wafanyaji sharti wale. Basi walioweza kununua walikuwa matajiri. Mtu mmoja aliyeagiza nguo nyingi za ukutani, zenye habari ya Kikombe Kitakatifu, kwa nyumba yake ya Stanmore Hall, alikuwa William Knox D'Arcy, aliyetajirika kwa dhahabu ya Australia. Morris alikuwa akihubiri katika mikutano ya wafanyakazi, tangu mwaka 1877, ya kuwa uzuri ni haki ya kila mtu; mwaka 1883 alijiunga na chama cha wajamaa; na kesho yake alirudi kufuma pazia la tajiri. Jambo hili lilimchoma. Tena mali yake ya kwanza ilitoka katika lile shimo la Devon, nalo lilichimbwa shaba na sumu ya zarniki, iliyodhuru miili ya wachimbaji. Alikuwa mmoja wa wakurugenzi wake tangu 1871, akaacha kazi hiyo miaka michache baadaye. Hakupata njia ya kuufungua kabisa mfundo huu. Twamheshimu kwa kuwa hakujifanya hauoni.

Tena kwa jambo moja alikubali hasara. Mwaka 1877 alianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, kwa sababu mafundi walikuwa wakikwangua na kubomoa makanisa ya zamani kwa jina la kuyatengeneza. Tangu hapo shirika lake lilikataa kutia vioo vipya katika makanisa ya kale, ingawa agizo kama hizo zilikuwa riziki yake nzuri. Si kila agizo la kanisa ni la kukubaliwa, wala si kila kilichokuukuu ni cha kutupwa.

Mwaka 1885 alimpa binti yake May, aliyekuwa na miaka 23, usimamizi wa kazi yote ya tarizi. Huyo alikuwa fundi kamili kwa haki yake. Mwaka 1893 alitoa kitabu cha kufundisha kazi ya sindano. Katika miaka ya mwisho ya karne ile alitarizi nguo ya altare iliyochorwa na Philip Webb, kwa nyumba ya mashemasi wa kike huko Clapham. Na mwaka 1907, kwa kuwa chama cha mafundi hakikuwapokea wanawake, alianzisha chama chao. Morris mwenyewe alikufa tarehe 3 Oktoba 1896, akazikwa penye kanisa dogo la Kelmscott.

Basi habari hii yatuhusu nini? Sisi wenyewe tulipokuwa vijana wa shule, alikuwako bibi mmoja mzee aliyesuka mikeka ya ukindu yenye miraba ya rangi. Tulipopita kwake na kumwamkia shikamoo, alituita. "Wajukuu zangu, ketini niwaonyeshe, mkono uliozikwa haufundishi." Tulicheka, tukaenda zetu, maana tulikuwa watu wa kalamu. Alikufa. Mwaka huu, tulipotaka kutandika mkeka wa namna yake mbele ya altare kwa ajili ya Jubilii, tuliuliza kijiji kizima. Kilipatikana kipande kimoja tu, kadiri ya viganja viwili, kilichosazwa na mchwa. Akina mama wamekifumua ukili kwa ukili, wakihesabu. Miraba miwili wameipata. Wa tatu umewashinda hata leo, na kosa hilo ni letu.

Kwa hiyo twawasihi walimu na wazee wa makanisa jambo dogo. Nguo za altare zilizochakaa zisichomwe kabla hazijatazamwa. Fungueni sanduku la sakristia, toeni ile iliyo kuukuu kuliko zote, waiteni wasichana na wavulana, igeuzeni mwone upande wa nyuma, mahali mafundo yalipo. Kisha mwulizeni mama mzee aliye hai, kabla ya jua kuchwa, jinsi uzi ulivyopita, na jina la aliyeishona liandikwe katika daftari la parokia.